Jioni Philomena Alipopikiwa

Kama uliwahi kula harusini Heru Juu miaka ile, basi umekula chakula cha Philomena. Harusi, kipaimara, matanga, ugeni wa wakubwa kutoka wilayani: sufuria kubwa zikiinjikwa, yeye yuko nyuma yake, kanga kiunoni, macho mekundu kwa moshi. Nimekuwa jirani yake kwa miaka kumi na sita, na sikuwahi kumwona ameketi mbele ya sahani kabla watu wote hawajashiba. Mpishi hula ukoko, na hakuna anayeona ajabu.

Noeli ya mwaka 2013 ilipokaribia, aligoma. Alimwambia mumewe Reverien, fundi pikipiki mjini Kasulu: "Baba Aneth, siku ya pili ya Noeli sipiki. Unipeleke hotelini, mimi na wewe tu, nile nilichopikiwa."

Reverien alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akakubali.

Siku hiyo mvua ilikatika saa kumi na moja. Wakapanda bodaboda hadi hotelini Kasulu, Philomena na kitenge kipya, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya tope. Wakachagua meza ya karibu na mlango, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Wakaagiza kuku wa kienyeji na ndizi. Philomena aliniambia moyo ulimdunda kama wa mwari.

Sasa, Reverien ni mtu mwema, na hapo ndipo penye shida. Kwetu ukikutwa unakula husemi "karibu" kwa midomo tu. Unamaanisha, na mgeni asipoonja amekudharau. Kuku ndiyo kwanza ametua mezani, mzee Gasper, katekista wetu, akapita mlangoni.

"Mwidiwe!" alisalimu kwa Kiha.

"Mwidiwe, mzee! Karibu tule."

Mzee akaketi. Hajakaa vizuri, akatokea Abdalah, muuza vipuri.

"Karibu, kaka!"

Naye akavuta kiti. Wanaume wakaanza habari za mvua na za mpira. Philomena akasogea, akasogea tena, halafu, bila kutumwa na mtu, akainuka. Alipokea jagi na beseni kwa mhudumu, akawanawisha wote, akaanza kumgawa kuku: paja kwa mzee, kidari kwa Abdalah, firigisi kwa mumewe.

"Mama Aneth, mchuzi hapa," alisema mzee.

"Abee, mzee."

Ananiambia hakukasirika. Alihuzunika tu, kwamba kumbe hata akitoka nyumbani, jikoni hatoki. Alikuwa ameingoja jioni ile mwezi mzima.

Reverien akageuka amwambie mkewe jambo, akakuta kiti kitupu. Akamwona nyuma yake, amesimama na jagi, anasubiri wamalize. Mimi humtania Reverien kwamba akili yake ni kama pikipiki ya zamani, mpaka ipigwe teke mara tatu ndiyo iwake. Siku ile iliwaka kwa teke moja. Aliacha kutafuna.

Akasimama, akampokea mkewe jagi, akamshika bega, akamkalisha. Kisha, mbele ya katekista na hoteli nzima, akainama na beseni.

"Philomena, nawa."

Si Mama Aneth. Philomena, kama alivyomwita enzi za uchumba.

"Baba Aneth, watu wanatuona."

"Waone. Nawa."

Mwanamume kumnawisha mkewe hadharani, Kasulu, sikukuu! Abdalah alikohoa. Mzee Gasper aliinamia mchuzi wake. Philomena naye machozi yalimtoka, yakadondokea ndani ya beseni. Tangu alipougua surua akiwa mtoto, hakuna mtu aliyewahi kumnawisha mikono.

Reverien akaagiza kuku mwingine, akamwekea mkewe mbele yake. Wageni hawakufukuzwa, na kusema kweli wala hawakuwa na haraka ya kuondoka. Philomena alikula. Alisema ndizi zilikuwa hazijaiva sawasawa na chumvi ilipungua, lakini alikula polepole, mumewe yuko kando yake, mpaka akashiba.

Mzee Gasper alipomaliza, alilitazama jagi, akamtazama Philomena aliyekuwa akiguguna mfupa. Akainuka mwenyewe, akaenda kunawa bombani.