Niliposogeza Fainali hadi Jumamosi

Katika klabu yetu ndogo ya gofu hapa Migori, mimi ndiye mwenyeji wa kwanza kupewa uanachama, na nasema hivyo bila haya. Wenzangu wote waliletwa na kazi zao kutoka nchi za mbali: mwenyekiti ni mhandisi wa maji, Mskoti aliyezeekea huku, halafu kuna daktari wa hospitali ya misheni, ambaye ni mama wa Kiholanzi, halafu watu wa migodi na wa viwanda. Mimi nililetwa na mikono yangu. Miaka kumi na moja nilitunza viwanja vya gofu Uarabuni. Nilianza kwa kusukuma toroli, nikamaliza nikiwa msimamizi mwenye diploma ya utunzaji wa viwanja. Diploma hiyo iko sebuleni kwangu Uriri, ndani ya fremu, katika nyumba ya vigae niliyoijenga bila kusaidiwa hata msumari mmoja.

Nilipojiunga nao, uwanja wao ulikuwa aibu. Ni mashimo tisa, tunayoyapitia mara mbili kwa siku, kwenye shamba la zamani la miwa. Kwingine, shimo huzungukwa na nyasi laini kama zulia. Sisi huzungushia mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na mahali hapo tunapaita brauni. Mimi ndiye niliyewafundisha kuulaza mchanga huo kwa gunia zito ukawa sawa kama meza. Wakanifanya katibu.

Ukutani mwa klabu kuna ubao wa mvule wenye majina ya washindi wa wiki ya Agosti. Kila Agosti tunacheza kirafiki siku nne: tatu Migori, na ya mwisho Homa Bay, kwenye kiwanja cha pili karibu na ziwa. Majina yote ubaoni ni ya watu waliokuja kwa ndege. Nilitaka langu liwe la kwanza la mtu wa hapa. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kusimama siku ya kupigwa picha.

Kosa nililifanya Jumatatu asubuhi. Klabu yetu haina wa kukupima. Kila mtu huandika handikapu yake kwa uaminifu, yaani idadi ya mapigo atakayopunguziwa kila siku kwa sababu ya udhaifu wake. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na mchezaji hodari huandika namba ndogo. Yangu ya kweli ilikuwa kumi na nane. Lakini daktari alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri kalamu, na kalamu yenyewe ikaandika kumi na mbili.

"Kumi na mbili!" akasema mwenyekiti. "Bwana katibu, utatumaliza."

Nilitabasamu kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Baada yangu akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa wa Isebania, siku moja, kwenda kununua viatu. Mimi ndiye niliyemleta klabu mwezi wa nne, kwa sababu tulikosa mtu wa nne kwenye kundi letu. Nilimfundisha hata kushika fimbo. Akaandika ishirini na nane, akaniambia, "Shemeji, ningeandika hata hamsini kama wangeniruhusu," na wote wakacheka.

Siku hiyo nilipiga mara tisini. Yeye alipiga mia moja na mbili, mengine ya mapigo hayo akiwa ndani ya kichaka akiusemesha mpira kwa Kijaluo. Baada ya kupunguziwa, nikabaki na sabini na nane, yeye sabini na nne. Alikuwa mbele yangu! Nilimshinda mapigo kumi na mawili mchana kutwa, halafu kwenye karatasi akanipita kwa manne.

Lililonichoma zaidi ni jinsi walivyompenda. Mimi nilikuwa nimejifunza adabu zao zote: kutoongea mwenzako anapopiga, kulaza mchanga ukishapita, kuvaa soksi ndefu. Yeye alikuja na raba za michezo ya shule, na daktari akamvulia kofia yake mwenyewe akamvisha. Walimwuliza majina ya ndege na miti. Mimi, kwa miaka mitatu, hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mti. Jumanne mwenyekiti alimwomba acheze naye kundi moja. Nilipokuwa nikipiga, nilisikia vicheko vyao kutoka shimo la sita, na mpira wangu ukaenda kwenye mtaro.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Kaka yangu anaendeleaje?"

"Anabahatisha," nikasema.

"Na wewe uko nafasi ya ngapi?"

Nikamwambia chai haina sukari.

Kufikia Jumatano jioni shemeji alikuwa mbele yangu kwa mapigo kumi na moja. Nilikuwa wa pili, na daktari wa tatu, nyuma yangu kwa pigo moja. Fainali ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikaa ndani ya gari langu pale klabu, nikapiga hesabu. Kama ningeandika kumi na nane siku ile, ningekuwa mbele ya wote. Ukweli huo sikuweza kumwambia mtu, kwa kuwa ningemwambia vipi bila kukiri kwamba nilijisingizia uhodari?

Ndipo nikakumbuka kwamba shemeji ni Msabato.

Nikaandika ujumbe kwenye kundi letu la simu: Nyasi za Homa Bay hazijakatwa na brauni hazijatiwa oili. Fainali itakuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Katibu. Mwenyekiti akakubali papo hapo; katika mambo ya nyasi neno langu ni la mwisho. Daktari peke yake ndiye aliyenipigia simu.

"Lakini mwalimu Jumamosi huwa kanisani. Hatuwezi kucheza Jumapili?"

"Jumapili wewe uko zamu, daktari."

Akakubali. Kweli alikuwa zamu. Orodha ya zamu nilikuwa nimeiona mlangoni mwa hospitali.

Shemeji hakubishana. Alijibu kwenye kundi kwamba anashukuru kwa wiki nzuri, na kwamba Jumamosi ataabudu na kanisa la Homa Bay, kwa hiyo nimpe nafasi kwenye gari. Akamalizia: Katibu, utuletee ushindi nyumbani.

Jumamosi nilicheza nikiwa na hasira ambayo sikujua ya nani. Ziwa lilikuwa limetulia, nyasi zilikuwa fupi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza zilikatwa lini. Hadi shimo la mwisho tulikuwa sawa, mimi na daktari. Mpira wangu ulikuwa hatua mbili tu kutoka shimoni, juu ya mchanga nilioulaza kwa mikono yangu. Nikapiga, ukapita pembeni. Nikapiga tena, ukapita tena. Daktari akashinda kwa mapigo mawili, akanikumbatia na kusema, "Pole sana. Mwalimu angetushinda sote."

Jioni nilimchukua shemeji uani mwa kanisa. Alikuwa na suti yake ya kijivu na sahani ya wali iliyofunikwa, niliyowekewa na akina mama. Aliusoma uso wangu.

"Nani?"

"Daktari."

Akaingia garini, akafunga mkanda. Tulipoukaribia mji wa Rongo ndipo aliposema, "Yule anayekata nyasi za kiwanja ni mzee wa kanisa. Aliniambia alizikata Jumanne."

Nikabadili gia.

"Omera, ndugu yangu, uliogopa nini?"

"Uliniona nikipiga tisini," nikasema. "Wewe unapiga mia, halafu wewe ndiye unayevishwa kofia."

Hakucheka, ingawa nilitamani acheke. "Sasa hakuna wa kwetu ubaoni," akasema. "Si wewe, si mimi. Wanafunzi wangu niliwaahidi nitawaleta waone jina la mtu wa Uriri. Sikuwaambia ni la nani."

Nilimwambia handikapu yangu ya kweli. Alikuwa mtu wa kwanza kuisikia. Akahesabu kidogo kwa vidole, kama mwalimu, akagundua kile nilichokigundua Jumatano, akatikisa kichwa taratibu.

Nilipomshusha kwake, simu yake iliita. Alikuwa mwenyekiti, akitaka kujua kama angepata nafasi ya kucheza naye Jumanne ijayo. Nilisubiri kidogo, injini ikinguruma, nione kama na mimi nitaulizwa. Kisha nikaondoka.