Mume wa Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Mume wa Mkunga, naye hakuwahi kukasirika. Yeye alikuwa dobi. Mkewe ndiye aliyekuwa na mshahara, kwa hiyo walipoamua kujenga, mkopo wa benki ulitoka kwa jina la mkewe. Siku hizo dobi alizikumbuka kama mtu anavyoukumbuka utoto wake. Walihamia kabla ya dari, wakalala wakisikiliza mvua ikigonga bati. "Inyeshe itakavyo, mume wangu," mkunga akasema, "leo inapiga bati letu." Alfajiri dobi alimpigia pasi sare nyeupe, na mkewe akaivaa ikiwa bado na joto.

Walivyoachana, wenyewe hawakuweza kukueleza. Hapakuwa na ngumi wala matusi. Walichakaa tu, kama kola iliyofuliwa mno. Mkunga alihamia mji mwingine kikazi, mahakama ikampa dobi nyumba pamoja na mzigo wa kumalizia mkopo. Ile hukumu akaifukia sandukuni chini ya mashuka, asiione.

Akalipa bila kukosa, mpaka mashine za kufulia zilipoingia majumbani na wateja wakamkimbia. Ndipo alipokwenda benki kuomba apunguziwe marejesho.

"Wewe ni nani wake?" kijana wa dirishani akamuuliza.

"Mumewe."

"Mkopo si wako, mzee wangu. Mwambie mama aje mwenyewe."

Akarudi tena, jibu likawa lile lile. Hata deni lililobaki hakuambiwa. Safari nyingine akapokewa na ofisa mwingine, mwanamke wa makamo, aliyemuuliza kwa upole, "Kwani mama yuko wapi, baba?"

Dobi akaitazama mikono yake iliyoliwa na sabuni. "Si mke wangu tena. Tuliachana. Nyumba nilipewa mimi."

Hakuwahi kumtamkia mtu maneno hayo.

"Jamani, si ungesema!" ofisa akasogeza kiti. "Ukija kama mume, hapa huna sauti. Lakini aliyepewa nyumba kwa talaka, sawa na aliyeirithi, kwa taratibu zetu tunamtambua. Una haki ya kujua deni na kuomba nafuu kama mkopaji mwenyewe. Tuletee hukumu."

Aliipeleka kesho yake. Benki ikamtambua, marejesho yakapunguzwa, muda ukaongezwa. Jioni akampigia mkunga simu kumweleza.

"Hongera," mkunga akasema. "Nilidhani ulishamaliza hayo siku nyingi."

"Ilibidi niseme tumeachana."

Mkunga akauliza, "Lile dirisha la jikoni bado linakwama?"

"Nililitengeneza."

"Ungeliacha tu."

Wakakumbushana fundi aliyepachika mlango wa bafu ukafungukia uani, mpaka mgeni wao wa kwanza akaonwa na majirani akiwa na povu kichwani. Mkunga alicheka hadi akapaliwa. Dobi alimsikiliza, simu sikioni, giza likiingia chumbani bila yeye kukumbuka kuwasha taa.