Vidonge vya Tezi na Baridi ya Julai

Mwaka niliomaliza chuo na kurudi nyumbani Ganako bila kazi, mama alikuwa anatumia vidonge vya tezi ya shingo. Tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi: moyo ulimwenda mbio, alikonda, alitoka jasho hata kwenye ukungu. Daktari wa Karatu mjini aliiita hali hiyo "hyperthyroidism", akamwandikia dawa ya kuituliza.

Julai ikaingia, na mama akaanza kulalamika baridi. Mimi huyo kwenye simu. Nikasoma kwamba dawa ikizidi, tezi hulegea kupita kiasi, na "hyper" hugeuka kuwa "hypo". Ya kwanza ni juu ya kiasi, ya pili ni chini yake. Mgonjwa husikia baridi, huchoka, husahau.

Mwanzo huo wa neno, "hypo", niliujua. Kwenye utafiti wangu niliandika "hypothesis", wazo linalowekwa chini ya kazi nzima kama msingi. Kwenye kozi ya kuongoza watalii nilifundishwa "hypothermia", mwili kupoa hadi kufikia hatari. Sasa kila neno lililoanza hivyo lilinipeleka kwa mama, aliyekaa jikoni amejifunika shuka la Kimasai, magoti karibu kuingia motoni.

"Mama, nahisi umeingia kwenye hypo."

"Haipo? Kama haipo, unahangaika nini?"

"Si utani, mama. Jana umesahau chumvi."

"Chumvi naisahau tangu hujazaliwa, baba."

Sikulala vizuri mpaka siku ya kliniki. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole kuona kama vinatetemeka. Haikutikisika. Kisha akasoma majibu ya damu iliyochukuliwa asubuhi, akasema tezi imetulia panapotakiwa, wala haijashuka.

"Lakini anasikia baridi," nikasema.

Daktari alikuwa amevaa sweta mbili chini ya koti lake jeupe.

"Kijana, hapa ni Karatu, na ni Julai. Wewe husikii?"

Kusema kweli sikusikia. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni kwa jasho. Mama aliniangalia, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Daktari, mpime na huyu."

Tulipotoka, upepo wa kutoka Ngorongoro ukanipiga pale pale penye jasho. Nikatetemeka meno yakagongana, na moyoni nilikuwa mwepesi ajabu. Ilikuwa baridi tu, ya watu wote.