Maji ya Moto ya Zahanati

Juzi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la zahanati moja huko Changamwe. Mbele yangu kuli wa bandarini alikuwa akimwonyesha dresa, mfunga vidonda wa hapo, mkono uliovimba hadi kwenye kiwiko.

"Ulinitumbua kijipu kidoleni, bwana. Sasa pananuka."

"Nyinyi watu wachafu," dresa akamjibu. "Umekitia uchafu huko kwenu."

Akampasua tena. Kisu kikatoka na usaha, naye akakipangusa kwenye aproni, upande huu na upande huu, kama mtu anayenoa.

Kuli akauliza polepole, "Hukichemshi?"

"Mafuta ya taa yamekuwa adimu. Hujui kuna vita?"

Wallahi, nyuma yake stovu ilikuwa ikinguruma na birika likitoa mvuke. Dresa akamimina chai, akaifunika kwa kisahani, akampelekea bwana mkubwa chumba cha pili, kwa mikono miwili.

Aliporudi, akakiokota kisu kilekile. "Mwingine!"

Benchi zima tulikiona.

"Abee," akaitika mama mmoja kwa adabu zote alizofunzwa, akamnyoosha mwanawe mguu wenye jipu.

Sisi watu wa pwani twasifiwa sana kwa adabu. Tutazikwa nayo.