Mzee wa Sapiwi hakuua kioo

Nawaomba sana, haya yaishie humu humu kundini. Msimtumie mtu yeyote.

Leo mzee wa watu ameniomba msamaha kwa kosa langu.

Mnajua mimi ni karani wa kituo cha pamba hapa Bariadi. Mkulima akishapimiwa, anaweka sahihi kwa kidole kwenye kishikwambi.

Jana, bila ruhusa, nilibadilisha draiva, ile programu inayoendesha kioo. Nilitaka kishikwambi kikilala, kioo kikatiwe umeme ili chaji ifike jioni. Nikajiona fundi!

Nikasahau kwamba umeme ukirudi, kioo lazima kianzishwe upya. La sivyo picha inaonekana, ila hakisikii kidole.

Leo asubuhi kikalala, nikakiamsha. Mzee Masanja wa Sapiwi akagusa. Kimya. Akabonyeza tena kwa kidole chake kigumu cha jembe.

"Mzee, unapanda mahindi hapo?" bosi akafoka. "Umeshakiua! Rudi nyumbani na pamba yako."

"Nisamehe, mwanangu," mzee akaniambia.

Mimi!

Nikajifanya nafuta kioo. Akapakia magunia kwenye mkokoteni, akageuza ng'ombe.

Alipoondoka nikakizima na kukiwasha, kikakubali. Draiva nayo nimeshairekebisha. Bosi anasema kimejiponya.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Aliye jirani na mzee amwambie arudi kesho na pamba yake. Msinipigie, simu yangu inasikika ofisini. Aje dirisha la nyuma saa saba, bosi akienda kula, agonge mara moja. Nitatoka.

Bosi akirudi, atanikuta nimesimama na mzee, nimwambie mwenyewe nani alikiua kioo.