Aliyemnyamazisha Mama Keza

Nakumbuka asubuhi moja ambayo nimeikana kwa miaka mingi, mwanangu. Kila kisa hiki kiliposimuliwa kwenye ukoo wetu, mimi nilikuwa nadakia, "Ndiyo, kuna mchuuzi mmoja alimfokea yule mama." Nilimpa hata umbo huyo mchuuzi: mnene, kilemba cha kijani. Hakuwapo. Aliyefoka ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi huohuo, na ugonjwa wa kumaliza chuo ulikuwa umenishika vibaya. Nilikuwa nikisahihisha hata matangazo ya kanisani kwa kalamu nyekundu. Shangazi yangu wa Hamugembe, aliyenilea, alinichukua twende Muleba, kwenye mwalo mmoja wa samaki, ufukweni mwa ziwa pale boti zinaposhushia, kununua sangara wa sherehe ya kipaimara ya mdogo wangu. Tukapanga foleni ya mizani. Boti kutoka visiwani zilikuwa zinashusha mzigo, nyingine zinapakia maji, unga na mapipa ya mafuta ili zirudi.

Mbele yetu alisimama mwanamke wa Kirundi, mke wa mvuvi wa kisiwani. Nilikuja kujua baadaye kwamba wenzake walimwita Mama Keza. Alikuwa na beseni la samaki miguuni na hakuweza kuliacha, kwa hiyo alikuwa akimwita bintiye mdogo kwa mdomo tu. Mtoto alikuwa akichezea nyavu karibu na maji. Kila baada ya dakika mama anapaza sauti kwa Kirundi, mtoto anarudi hatua tatu, halafu anasahau, anakwenda tena. Ndivyo watoto wa miaka minne wanavyochungwa dunia nzima.

Mimi nikasikia kelele tu. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Wewe mama, hapa ni Tanzania. Sema Kiswahili, tukusikie unasema nini."

Na hili ndilo linalonifanya nijicheke hadi leo, kicheko kisicho na raha: maneno hayo niliyasema kwa Kihaya. Foleni nzima ilikuwa ikiongea Kihaya. Nilipoona hakuelewa, ndipo nikayarudia kwa Kiswahili, tena kile cha mtihani.

Watu wakacheka. Mzee mmoja muuza dagaa nyuma yetu akaniunga mkono. "Mwambie, waitu, ndugu yangu! Hawa wakianza lugha yao, ujue wewe ndiye unayesengenywa."

"Wasomi hao," mwingine akadakia. "Leo mizani itasoma kwa Kiingereza."

Mama Keza hakucheka. Alisema, "Samahani, dada." Kisha akageuka kwa mtoto, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Njoo. Wewe, njoo." Mtoto hakugeuka. Hakujua kuwa anaitwa yeye. Mama akajaribu tena mara moja, akatuangalia, akanyamaza.

Shangazi hakusikia hayo. Alikuwa amekwenda kuchagua samaki. Aliporudi, foleni ilikuwa imesogea, boti mbili zilikuwa zimeondoka, na pale kwenye nyavu hapakuwa na mtoto.

Mwanangu, hujawahi kusikia ukimya kama wa mwalo ambao mtoto amepotea. Kila mtu anatazama maji, na hakuna anayetaka kutaja maji. Vijana wakaingia hadi kifuani, wakipapasa kwa miguu. Mama Keza alikuwa akikimbia ufukweni, huku na huku. Alikuwa anaita kwa Kiswahili. "Mtoto! Mtoto, njoo!" Alikuwa akimtafuta mwanawe kwa lugha ambayo mwanawe haijui, kwa sababu msomi mmoja alimwambia hivyo ndivyo inavyopasa.

Shangazi akashangaa. "Mbona huyu mama hamwiti kwa lugha yao? Nani kamwambia aseme Kiswahili saa hizi?"

Nikajibu, "Sijui. Wachuuzi hawa."

Nilisema hivyo, wakati watu wako kwenye maji wanatafuta maiti.

Nitakueleza mwisho wake, lakini nikishafika huko huwa sina sauti ya kutoa nasaha, basi ipokee hapa. Ukiwa benki, kituo cha afya, au kwenye duka la mtaani Bakoba, ukasikia mtu anasema lugha usiyoijua, usijipe umuhimu. Hakusemi wewe. Yawezekana anamwambia mtoto asikanyage tope, au anamuuliza ndugu yake kama mama amekula. Kiswahili tumekipenda kwa kuwa kilitukutanisha, usikifanye fimbo ya kuchapia wageni, hasa wewe ambaye kila ukijikwaa unapiga kelele kwa Kihaya. Na ukikosea, kiri siku ileile. Mimi nimechelewa miaka ishirini. Mungu akupe sikio lenye subira, na popote atakapokupeleka, usikose mtu wa kukuita nyumbani kwa lugha uliyonyonya nayo.

Simu ya mlinzi wa mwalo ikalia. Akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Aliyepiga alikuwa nahodha wa mojawapo ya boti zilizoondoka, akipigana na mlio wa injini.

"Bwana, huku kuna mtoto wa kike! Tumemkuta chini ya turubai. Tunamuuliza jina, hasemi. Analia tu, anataka kuruka. Mama yake yupo hapo?"

Mlinzi akamkabidhi Mama Keza simu. Tukasikia kilio cha mtoto. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akainua macho, akanitazama mimi. Kati ya watu wote wale, mimi. Alikuwa anasubiri ruhusa.

Shangazi akafuata macho yale hadi usoni kwangu.

"Sema, mama," nikamwambia, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Sema naye."

"Keza," akasema. "Keza, ndi hano. Ndi hano, mwana wanje."

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Ndani ya simu, kilio kikakatika.