Kasisi Aliyekuja na Udongo Mwekundu

Mimi ni nesi. Nimeosha maiti wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisemesha. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba nimezungumza na marehemu ana kwa ana, hapa hapa Weston, mtaa wa Toronto, huku kikombe cha chai kikiwa mkononi, tafadhali usianze kunicheka.

Ushirika wetu wa Waswahili hauna jengo. Tunakodi kanisa la Waingereza, Jumapili jioni, wenyewe wakishaondoka. Katika chumba cha nyuma tunakochemshia chai kuna picha kubwa ya rangi: milima, ukungu, na jiwe kubwa lililopasuka katikati. Chini yake kuna kitabu cha kasisi mmoja Mwingereza aliyepita Taita zamani pamoja na rafiki yake mchoraji. Mmoja aliandika, mwenzake akachora. Na jiwe lile nalijua! Liko juu ya boma la nyanya yangu.

Nikamwita binti yangu aone kwao. Akafungua kitabu, akasoma, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Lakini Mama, huyu anasema hakukuwa na watu."

Mtoto wa miaka kumi, amemwamini mzungu aliyekufa kuliko mama aliyemzaa. Iliniuma, sikufichi.

Jumapili iliyofuata niliwahi kufika. Ilikuwa Januari, giza limeshaingia saa kumi na moja, theluji imejaa mlangoni. Nikiwa namimina chai, nikasikia sauti nje: "Hodi."

Wewe unatujua. Mtu wa kwetu akisikia hodi, ulimi hujibu kabla ya akili. "Karibu!" nikasema. "Karibu chai!"

Akaingia mzee wa kizungu, kola nyeupe shingoni, koti refu jeusi. Theluji haikuwepo hata chembe mabegani mwake. Lakini buti zake, niamini, zilijaa udongo mwekundu, mbichi, kama ametoka shambani Taita asubuhi hiyo. Toronto, Januari, udongo huo angeutoa wapi?

"Bibi," akasema kwa Kiswahili cha kale, "nasikia unakipinga kitabu changu. Nchi ile naliikuta tupu."

Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mlipumzika wapi, mzee?"

"Chini ya jiwe lile. Palikuwa na kivuli chema. Rafiki yangu akachora."

Nikamwonyesha picha ile kwa kidole. Ndani ya ule ufa, mchoraji aliweka vitone vyeupe, vimepangwa mstari. Mtu asiyejua atasema ni kokoto. Kwetu, kabla ya makanisa, mafuvu ya wazee yalitolewa kaburini na kupangwa ndani ya ufa wa jiwe la ukoo. Nyanya alinionyesha nikiwa mdogo, kwa mbali, kwa heshima.

"Hao ni wazee wangu," nikamwambia. "Rafiki yako aliwachora mmoja mmoja. Wewe uliwaona?"

Akainamisha kichwa. "Naliwaona."

"Uliwaona, ukaandika hakuna mtu! Umekaa nyumbani kwao, umelala kivulini mwao, na hukupiga hodi. Hodi ya leo umefundishwa na nani?"

Akanyoosha mkono apokee kikombe. Maishani mwangu sijawahi kumnyima mgeni chai. Siku ile nilimnyima, nikaimwaga kwenye sinki huku namtazama. Nilipoinua macho hakuwepo, na mlango haukufunguka.

Udongo ulibaki sakafuni. Nikauzoa, nikautia kwenye kopo la majani ya chai, nikampelekea binti yangu. Akaunusa huku nikimsimulia habari ya wazee wale wa ufani. Sasa kila Jumapili, kabla ya kuingia chumba kile, hata kikiwa kitupu, anasimama mlangoni na kuwapigia hodi babu zake.

Kasisi naye bado anakuja. Ukialikwa kwetu, ukasikia hodi nje na theluji haina alama ya mguu, nakuonya, funga mdomo. Usimkaribishe. Mwache apigwe na baridi mpaka akawapigie hodi wenye jiwe, kule kwao Taita.